MCHEZA KWAO HUTUNZWA: HISTORIA FUPI YA GITAA LETU, KUTOKA NYANZA-LAC HADI KAMBINI

Na mjumbe wa Kamati, upande wa utamaduni



Kamati iliponiomba niandike habari za muziki katika toleo hili la kumbukumbu, nilitaka kukataa. Mimi si mwandishi, ni mpiga gitaa. Lakini wajumbe waliniambia jambo moja ambalo sikuweza kulipinga. Walisema historia ya ukimbizi wetu imeandikwa sana kwa hesabu: watu wangapi wamevuka, mahema mangapi yamesimamishwa, kilo ngapi za unga zimegawiwa. Historia ya yale tuliyokuja nayo kichwani na vidoleni hatujaiandika, na sisi wazee tukiondoka itaondoka nasi.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Tangu ujana wangu nimejiuliza: na mkimbizi je, kwao ni wapi? Atacheza mbele ya nani ili atunzwe? Jibu nililolipata limenichukua zaidi ya miaka hamsini, nami nitalieleza kwa kufuata njia ambayo gitaa lenyewe lilipita.

KANDO YA ZIWA

Nyanza-Lac iko kusini mwa mwambao wa Burundi, karibu na mpaka wa Tanzania. Ukipanda kaskazini kando ya Ziwa Tanganyika unafika Rumonge, mji wa samaki na mawese, na ukizidi kwenda unafika Bujumbura. Kiswahili huko si lugha ya juzi. Kilikuja na wafanyabiashara wa Ujiji katika karne ya 19, kikabaki sokoni, misikitini na mitumbwini. Wa milimani walisema Kirundi, na sisi wa ziwani tulisema vyote viwili bila kujua tumebadili lugha saa ngapi.

Kazi kubwa ya mwambao ule ni kuvua ndagala, ambao huku Kigoma wanaitwa dagaa. Ndagala huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta wapande juu. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, kwa hiyo wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa wakishona nyavu. Siku hizo za mbalamwezi ndizo zilizokuwa siku za muziki wetu. Mjomba wangu alikuwa mvuvi, na alikuwa na gitaa. Mimi nilizaliwa mwaka 1963, na nilipokuwa mdogo nilidhani mwezi unatoka kwa sababu mjomba anapiga gitaa.

Lakini hata kabla ya gitaa, masikio ya Warundi yalikuwa yamekwisha kufundishwa na inanga. Kwa ndugu wa mashirika ambao hawajaiona, inanga ni ubao mrefu uliochongwa ukawa na kina kama sinia. Uzi mmoja hupitishwa juu yake ukaenda na kurudi, hadi zikapatikana nyuzi sita, nane au zaidi. Sauti yake ni nzito na ya chini. Mpigaji akiimba kwa nguvu ataizima, kwa hiyo ananong'ona. Mnong'ono wake huingia ndani ya sauti ya nyuzi, mpaka msikilizaji anadhani inanga yenyewe ndiyo inayosema. Ili uisikie, huna budi unyamaze na usogee karibu. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

GITAA LILIVYOTUFIKIA

Gitaa lilitujia kwa njia ya kazi. Mwaka 1915 reli ya kutoka upande wa Katanga ilifika ziwani Albertville, mji ambao leo unaitwa Kalemie, na meli zikauunganisha na Kigoma na Usumbura. Katika miaka ya 1920 migodi ya shaba ya Katanga iliandika wafanyakazi hata kutoka Ruanda-Urundi. Kwa miaka mingi vibarua, mabaharia na wachuuzi walikwenda na kurudi, na anayerudi hakosi kurudi na kitu. Mmoja alileta baiskeli, mwingine gramafoni, mwingine gitaa, na asiye na fedha alileta wimbo.

Huko Katanga ndiko alikotoka mtu ambaye wapiga gitaa wa ukanda huu wote wanapaswa kumjua, Jean-Bosco Mwenda. Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, alikutana naye katika mji wa Jadotville, yaani Likasi ya leo. Mmoja kati ya nyimbo alizorekodi, uitwao "Masanga", ulisikika Afrika na hata ng'ambo. Mwaka 1969 Mwenda alialikwa kupiga katika tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990.

Mwenda hakuwa na bendi nyuma yake katika santuri ile. Alikuwa mtu mmoja na gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, akipiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba lilitembea kwenye nyuzi nene bila kusimama, kama mtu anayepiga kasia. Kidole cha shahada kilicheza kwenye nyuzi nyembamba, mara kikiuliza, mara kikijibu. Msikilizaji asiyeona aliapa kwamba wapigaji ni wawili. Naye aliimba kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo, na ndiyo maana wavuvi wa Rumonge na Nyanza-Lac hawakuhitaji mkalimani. Ndugu yake Edouard Masengo alifika Nairobi, na huko mtindo huo ukaota mizizi mingine.

Magitaa ya wakati ule mengi yalitoka Afrika Kusini, ya alama ya Gallotone, na wengi wanaamini ndiko lilikotoka neno "galatoni" ambalo wazee wa Tanzania hulitumia kwa gitaa kavu. Yalikuwa ya bei nafuu, nayo yalifika mbali. Hata John Lennon wa Uingereza, aliyekuja kusifika na kundi la Beatles, alianza na Gallotone mwaka 1957. Basi kijana anayedharau gitaa lake kwa kuwa ni la bei ndogo na akumbuke hilo.

Na asiyeweza kununua alitengeneza. Franco Luambo wa Kinshasa, aliyezaliwa mwaka 1938, alianza utotoni na gitaa la bati lililotiwa nyuzi za waya. Baba yake alikuwa amefariki, na mama yake aliuza maandazi sokoni. Mtoto alikaa karibu na meza ya mama akapiga, watu wakasimama kusikiliza, na aliyesimama akanunua andazi. Mwaka 1953 alirekodi kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka 15. Mwaka 1956 akawa miongoni mwa waanzilishi wa OK Jazz, bendi aliyoiongoza baadaye hadi alipofariki mwaka 1989. Wengi wanamsifu kwa vidole. Mimi namsifu kwa shule ile ya sokoni, kwa sababu mpita njia hana deni nawe. Asipopendezwa anaendelea na safari yake, na andazi la mama linalala.

MWAKA 1972

Tarehe 29 Aprili 1972 vita viliingia kwetu, Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini. Waasi waliua watu, wengi wao Watutsi. Kisha serikali ya wakati huo na jeshi lake wakajibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima, yakiwalenga Wahutu, hasa waliosoma. Wanaokadiria waliokufa hutaja kati ya watu 100,000 na 300,000. Katika kambi tunaishi watoto wa wafiwa wa kila upande, na siandiki haya ili kuchokonoa kidonda. Naandika kwa sababu historia ya gitaa letu inapita hapo, na hakuna njia ya kuzunguka.

Tuliondoka usiku kwa mtumbwi. Nilikuwa na miaka tisa. Mjomba alikuja na gitaa lake mgongoni, na mwenye mtumbwi akasema neno moja tu: gitaa au mtoto. Alikuwa na haki, maana maji yalikuwa yamebakiza vidole vichache kufika ukingoni, na kulikuwa na mtoto wa jirani aliyesimama majini akilia. Mjomba aliliegemeza gitaa kwenye shina la mchikichi, kwa uangalifu kama mtu atakayerudi kesho, akampandisha yule mtoto. Hatukusema lolote hadi asubuhi. Yule mtoto leo ni bibi mwenye wajukuu, na mjomba hakupata kulilalamikia gitaa lile hata siku moja.

Kutoka Kigoma serikali ya Tanzania ilitupeleka bara. Makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora yalianza mwaka 1972. Katumba ikafuata mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978. Tulipewa majembe, mbegu na pori la miombo lenye mbung'o. Watu wa ziwa wakawa watu wa mahindi na tumbaku.

MAGITAA YA ULYANKULU

Mjomba alikaa mwaka mzima bila kugusa ala. Siku moja akaokota kopo kubwa la mafuta ya kula, akachonga shingo ya mti, akaomba waya wa breki ya baiskeli iliyokufa. Ukiufumua waya huo unapata nyuzi nyembamba nyingi. Moja peke yake inatoa sauti ya juu, na mbili au tatu zikisokotwa pamoja zinatoa sauti ya chini. Gitaa lile lilitoa sauti kali ya bati, lakini lilikuwa gitaa, na jioni ya kwanza alipolipiga watu walitoka kwenye vibanda wakasimama mbali kidogo, kama wanaoogopa kukaribia. Mama yangu alilia. Sijui kama alilia kwa furaha, na sikumwuliza.

Ulyankulu ilipimwa kwa barabara zilizopewa namba, na watu wakaitwa kwa barabara zao. Ndiyo asili ya jina la kwaya ya Ulyankulu Barabara ya 13, ambayo nyimbo na magitaa yake yalikuja kusikika mbali nje ya makazi. Watanzania wengi walionunua kaseti zake hawakujua kwamba namba ile ni anwani ya wakimbizi. Hapo nilijifunza kwamba wimbo unaweza kutoka mahali ambapo mwimbaji wake haruhusiwi kutoka bila kibali.

Redio nayo ilikuwa mwalimu wetu. Kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam tulimsikia Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, ambaye mwaka 1970 alikuwa amepiga Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Tulizisikia pia bendi za Tabora, jirani zetu. Mimi nilikaa na redio sikioni, nikijifunza solo za Mbaraka moja baada ya nyingine, na nilipofika miaka 19 nilijiona nimemaliza.

Basi ikaja harusi moja hapo Ulyankulu, nami nikaombwa kupiga. Nilipiga kila nilichojua, tena kwa kasi. Vidole vilikimbia juu na chini ya shingo ya gitaa, nami nilivitazama mwenyewe kwa mapenzi makubwa. Nilipoinua macho nikakuta waliokuwa wakicheza wamekaa. Wengine walikuwa wakizungumza habari za mvua. Bwana harusi alikuwa amekwenda kuangalia pombe. Mjomba alinijia polepole, akanishika bega, akasema: "Mwanangu, umepiga vizuri sana. Lakini umejipigia mwenyewe. Sisi tulikuwa tunakutazama ukila."

Niliona aibu hata nikaacha gitaa miezi miwili. Niliporudi, mjomba alinifundisha upya mambo matatu, na tangu hapo sijajifunza la nne lililoyashinda.

La kwanza, gumba ni miguu ya watu. Solo ikikosea kidogo, watu wanasamehe. Gumba likiyumba, wanajikwaa. Alinifanya nipige kwa gumba peke yake juma zima, huku dada zangu wakitwanga mahindi, mpaka mchi na uzi viliposhuka pamoja.

La pili, mtafute mtu mmoja mwenye huzuni kati ya wasikilizaji, umpigie yeye. Wenye furaha watacheza hata ukigonga debe.

La tatu, acha nafasi. Hapo ndipo alipoitaja inanga. Alisema mpiga inanga ananong'ona ili msikilizaji asogee mwenyewe, na ukijaza kila mahali kwa sauti, msikilizaji hana pa kuweka moyo wake.

Miaka ya 1980 tulipoanza kumsikia Remmy Ongala, nilifahamu kwamba mjomba hakuwa peke yake katika elimu hii. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akafika Dar es Salaam mwaka 1978. Alikuwa mgeni kama sisi, lakini aliimba juu ya mnyonge, mgonjwa na kifo, mambo ambayo msikilizaji wake alikuwa nayo nyumbani asubuhi ileile. Watanzania wakampa jina la Daktari. Alipofariki mwaka 2010 hakuna aliyeuliza kwao ni wapi.

KURUDI NYUMBANI

Tanzania ilitufungulia milango miwili, kuomba uraia au kurudi. Zaidi ya watu 162,000 wa mwaka 1972 na watoto wao walikubaliwa uraia. Zaidi ya 50,000 tulichagua kurudi, na safari kubwa zilianza mwaka 2008. Mjomba alikuwa amezikwa Ulyankulu. Nilirudi Nyanza-Lac na mama yangu mzee, mke wangu, watoto, na gitaa la dukani nililolinunua kwa tumbaku.

Kila aliyerudi kusini mwa Burundi wakati ule anajua tulichokikuta. Katika shamba la baba kulikuwa na nyumba ya watu wengine, na minazi iliyopandwa na mikono ya watu wengine. Wao walisema walipewa na wakuu wa miaka hiyo, na kwamba wamezaliwa na kuzikana pale. Sisi tulisema mifupa ya babu iko pale. Wote tulikuwa tunasema kweli, na hilo ndilo lililofanya shauri liwe gumu. Tukafika kwa wapatanishi, tukarudi, tukafika tena. Watoto wetu walichekwa shuleni kwa sababu walisema Kiswahili cha Tabora na Kirundi chao kilikuwa kimevunjika. Tulikuwa wageni Tanzania kwa kuwa Warundi, na sasa tukawa wageni Burundi kwa kuwa Watanzania.

Katikati ya shauri hilo, bibi wa familia ile alifariki. Mama yangu alisema, "Twende tukahani." Nilimwambia, mama, tuna kesi nao. Akanijibu, "Kesi ni ya shamba. Msiba ni wa watu." Tukaenda, nami nikachukua gitaa bila kujua nitalifanyia nini.

Tulipokelewa kimya. Hakuna aliyetufukuza, na hakuna aliyetusogezea kiti. Nilikaa chini nyuma ya watu. Baada ya muda mrefu nikaanza kugusa nyuzi, gumba peke yake, taratibu, kwa sauti ndogo kuliko mazungumzo. Sikuwa na maneno ya Kirundi ya kufaa msiba ule, na sikutaka kuimba kwa Kiswahili mahali ambapo Kiswahili changu ndicho kilichokuwa kikinishtaki. Kwa hiyo sikuimba. Nilirudia sauti nne tano za kibembelezo ambacho mama alitubembeleza nacho, igihozo, kama kinavyoitwa kwa Kirundi. Nilikuwa nimesahau maneno yake, nimebaki na njia tu.

Mwanamke mmoja wa familia ile, mtu mzima kama mimi, akageuka. Akaanza kuimba maneno niliyoyasahau, kwa sauti ya chini. Mama yangu akamwitikia. Waliimba wote wawili, mmoja huku, mwingine kule, na mimi kazi yangu ilikuwa gumba tu, lisisimame. Kibembelezo kilikuwa kimoja. Tulikuwa tumelazwa usingizi kwa wimbo mmoja, wao na sisi.

Sitaki msomaji afikiri kwamba gitaa lilimaliza kesi. Halikumaliza. Shauri liliendelea karibu mwaka mzima, na mwishowe shamba liligawanywa nusu kwa nusu, na kila upande ulinung'unika. Lakini tangu usiku ule tulisalimiana. Watoto wetu walianza kuteka maji pamoja. Siku ya kupima mpaka hakuna aliyekuja na panga. Mwenye kujua mambo ya mashamba ya kwetu atafahamu kwamba hilo si dogo.

MWAKA 2015 NA BAADA YAKE

Mwaka 2015 matatizo yalirudi, nasi tukaondoka mara ya pili. Wengi wa upande wetu wa ziwa tulipitia Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na maji. Makumi ya maelfu ya watu walirundikana ufukoni pale, kipindupindu kikaingia, na meli MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikapewa kazi ya kutuchukua hadi Kigoma, kundi baada ya kundi. Katika miaka yake mia moja na ushei imebeba wanajeshi, wachuuzi na ndagala, na mwezi wa Mei mwaka ule ilitubeba sisi.

Safari hii sikungoja kuambiwa gitaa au mtoto. Kabla ya kuondoka nyumbani nilifungua nyuzi zote sita, nikazikunja, nikazitia katika karatasi ya sukari na kuzifunga ndani ya kitambaa mfukoni. Gitaa lenyewe nilimwachia yule mwanamke wa kibembelezo. Mjomba alinifundisha kwamba mbao zinapatikana kila mahali penye mti. Nyuzi ndizo adimu.

Kambini nilichonga gitaa jipya kwa mbao za masanduku. Majirani wa Kongo walikuwa na magitaa yao ya kuchonga, na besi kubwa kama kabati. Mwanzoni kila kundi lilipiga upande wake. Wao walituona wazito, sisi tuliwaona wenye haraka. Vijana walitupita akili. Walikaa pamoja nyuma ya kisima, Wakongo wakaleta sebene, ile sehemu ya mwisho ambapo waimbaji hunyamaza na magitaa hukimbia, na Warundi wakaleta ile tabia yetu ya kuanza kwa mnong'ono. Watu waliposikia walikuja bila kuitwa, na hawakuuliza wimbo ni wa taifa gani.

MANENO MACHACHE KWA VIJANA NA KWA MASHIRIKA

Kwa vijana wanaojifunza: msitamani kasi kabla ya mwendo. Lenga nyuzi zako kabla ya kila wimbo, maana gitaa lisilolengwa ni dharau kwa anayesikiliza. Piga kila siku hata kidogo, haba na haba. Piga mbele ya watu mapema, mbele ya mama anayepepeta mchele na watoto wanaongoja maji, kama Franco sokoni, kwa kuwa hao hawatakudanganya. Wakiondoka usiwalaumu, jiulize ulikuwa unampigia nani. Na jifunzeni nyimbo za wazee wakiwa hai, maneno pamoja na njia, msije mkabaki kama mimi na njia isiyo na maneno.

Kwa ndugu wa mashirika: tunashukuru kwa blanketi, ndoo, sufuria na dawa, na hatusemi kwamba wimbo utangulie unga. Tunajua fedha ni kidogo na orodha ni ndefu. Lakini nyuzi za gitaa hazijawahi kuwamo katika orodha yoyote ya mgao niliyoiona, tangu Ulyankulu hadi leo. Pakiti moja ni nyepesi kuliko sabuni, na ikitunzwa inakaa miezi mingi. Mkiona kijana amekaa na gitaa la mbao za masanduku, msidhani anapoteza saa. Huenda anajifunza jambo atakalolihitaji siku atakaporudi na kukuta nyumba ya mtu katika shamba la baba yake.

Nimalizie kwa lile swali. Mcheza kwao hutunzwa, na mkimbizi kwao ni wapi? Mjomba alitunzwa Nyanza-Lac, akatunzwa Ulyankulu, na kaburi lake liko huko. Mimi nilikosa kutunzwa kwenye harusi ya watu wangu mwenyewe, nikatunzwa kwenye msiba wa watu niliokuwa na kesi nao. Kwa hiyo nasema hivi: kwao mpiga gitaa ni pale alipo mtu anayemsikiliza, na yeye akawa anamsikiliza mtu huyo.

Kila mwezi unapokuwa mpevu tunakaa nje karibu na ofisi ya Kamati. Njooni. Mwenye gitaa alete gitaa, na asiye nalo alete kibembelezo cha mama yake.